Jemadari Kakungulu na Chanjo ya Serikali

Katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Uganda, jina lake Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari wa vita, mwenye kuogopwa toka pwani ya ziwa hata chini ya mlima Elgon. Aliteka nchi kubwa kwa mkuki na bunduki. Kisha, alipokwisha kuwa mtu mzima, akaingia katika ugomvi na Serikali kwa jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani dawa na chanjo. Alikataa kwa nafsi yake, akakataa kwa jamaa yake na wafuasi wake, hata ng'ombe wake hakutaka wachanjwe.

Huenda msikilizaji akauliza: Habari za Mganda huyu zatuhusu nini sisi tukaao Malampaka, katika nchi ya Wasukuma? Zatuhusu sana. Kati ya nchi yetu na yake kubwa lililopo ni ziwa la Viktoria, na maradhi hayajui mpaka. Sotoka ile iliyomaliza mazizi ya Uganda katika miaka ya 1890 ndiyo iliyopita Usukuma, ikawaacha wenye makundi makubwa ya ng'ombe wakikaa juu ya ngozi tupu. Mwenye ng'ombe wa Maswa hahitaji kuelezwa maana ya kubishana na Bwana Mifugo juu ya sindano. Tena, wapendao kukumbuka miaka na wakumbuke ya kuwa Kakungulu alikufa mwaka wa 1928, na mwaka uleule reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikipita hapa Malampaka. Si habari za kale mno.

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka wa 1869, na wengi wasema kwao ni Kooki, nchi ndogo iliyo kusini-magharibi ya Buganda. Alikuja katika ua wa Kabaka Mwanga akiwa kijana, akapata sifa kwa kuwinda tembo. Akasoma dini ya Waprotestanti akabatizwa. Mwaka wa 1888 Buganda iliingia katika vita vya dini; Mwanga akafukuzwa, na Wakristo wakakimbia. Katika majeshi ya Wakristo yaliyopigana mwaka wa 1889 na 1890 mpaka Mwanga akarudi katika kiti chake, Kakungulu alikuwa miongoni mwa majemadari wa mbele. Miaka ilipopita mambo yakageuka. Mwanga aliwaasi Waingereza akakimbilia kaskazini, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Tarehe 9 Aprili 1899 wafalme hao wawili walikamatwa katika nchi ya Lango na jeshi la Kanali Evatt, na Kakungulu alikuwapo na watu wake. Hivyo mtu aliyemrudisha Mwanga katika ufalme ndiye aliyesaidia kumtia mikononi mwa wageni.

Baada ya hayo Kakungulu alielekea mashariki, katika nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi. Alikwenda na Waganda wake mwenyewe, waliomfuata kwa jina lake, kwa kutumaini mashamba na vyeo. Mwaka wa 1901 akajenga boma Budaka. Kisha akafika Mbale, akakata barabara, akapanda miti kando yake, akapanda migomba, akagawanya nchi kwa wakubwa wake kama ilivyokuwa desturi ya Buganda. Wenyeji wa nchi hawakumshukuru, nao walikuwa na haki, maana walipoteza watu na mifugo. Lakini kwa Serikali kazi ile ilikuwa kama shamba lililolimwa bila ya kulipa mshahara. Kakungulu aliamini ya kuwa Sir Harry Johnston, mjumbe mkuu wa Uingereza, alimwahidi kumfanya mfalme wa nchi ile. Ufalme haukuja. Wakaja maofisa wa Kiingereza, wakaitwaa nchi iliyokwisha kutengenezwa. Mwaka wa 1906 yeye mwenyewe akapelekwa Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu. Akakaa huko mpaka mwaka wa 1913, ndipo akarudi Mbale, naye sasa hakuwa mfalme wala mshindi, ila mtumishi mmoja katika watumishi wa Bwana Shauri.

Twamwomba msomaji ashike neno hili. Wengine wakieleza habari za mtu aliyekataa chanjo huanza na sindano. Sisi twaona habari za Kakungulu zaanza na ufalme ule asioupata. Askari aliyetumiwa kisha akawekwa kando husikia kila amri mpya kwa sikio la namna nyingine.

Tena si kwamba dawa za wakati ule zilikuwa njema zote. Kakungulu alipokuwa Busoga, malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za kando ya ziwa, na Serikali ikawahamisha waliosalia wakaacha makaburi ya wazee wao na mashamba yao. Mganga mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, alikuja katika visiwa vya Sese mwaka wa 1906 na 1907 akawatia wagonjwa dawa iitwayo atoxyl. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini kipimo kilipozidishwa wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka macho wasipate kuona tena. Habari ya namna hii haifichiki. Chanjo ya ndui nayo, ingawa ilikuwa dawa ya kweli, iliharibika upesi katika joto la nchi zetu. Ndiyo sababu mtu aliweza kuchanjwa, asipate kinga, kisha akashikwa na ndui, na majirani wakasema, Mwaona! Haukupatikana ukavu wa kuihifadhi barabara mpaka miaka ya 1950. Na chanjo ya sotoka ya siku zile ilikuwa kumtia ng'ombe mzima damu yenye ugonjwa pamoja na maji ya damu yenye kinga, upande huu na upande huu. Wengine walipona wakawa salama maisha yao yote, wengine walikufa kwa hiyo chanjo yenyewe. Mfugaji aliyepotewa na ng'ombe watatu kwa sindano hahesabu wale thelathini waliookoka.

Basi, tuje katika dini iliyompa Kakungulu maneno ya kukataa. Mwaka wa 1914 ilitokea Buganda jamii mpya ya Wakristo iliyojiita Katonda Omu Ainza Byona, maana yake Mungu Mmoja Mweza wa Yote. Watu waliwaita Wamalaki kwa jina la Malaki Musajjakawa, mwalimu aliyenyimwa ubatizo na wamisioni kwa kuwa hakuweza mitihani yao. Lakini nguvu ya jamii ile ilikuwa Joswa Kate, mwenye cheo cha Mugema, mkuu wa ukoo wa Nkima na chifu wa saza la Busiro, mtu ambaye kwa desturi za Buganda huhesabiwa kama babu wa Kabaka. Wamalaki walibatiza upesi, bila ya kumwuliza mtu masomo mengi wala kumfukuza kwa kuoa wake wawili, na hesabu ya watu ya mwaka wa 1921 iliwakuta wamepita 90,000.

Hoja ya Mugema juu ya dawa ilikuwa kali, na hatupendi kuipita kana kwamba ni ujinga tu. Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Luganda tangu mwaka wa 1896, na yeye aliisoma. Wamisioni walikuwa wamewaambia Waganda watupe hirizi zao na dawa za waganga wao, kwa kuwa kuzitegemea ni kumwacha Mungu. Waganda wakazitupa. Kisha wamisioni walewale wakajenga hospitali, wakawaambia watu waje wanywe dawa. Mugema akafungua Agano la Kale, hasa Kumbukumbu la Torati mlango wa 18, mahali panapokataza waganga na wachawi na wapiga ramli, akauliza, Ikiwa dawa ya kwetu ni dhambi, dawa ya kwenu imepata wapi utakatifu? Swali hilo halikuwa rahisi kujibiwa. Mmisioni aliona tofauti kati ya hirizi na chupa ya hospitali kama aonavyo mchana na usiku, lakini tofauti ile ilikuwa katika elimu ya vijidudu, ambayo hakuna aliyemfundisha Mugema, wala haimo katika Biblia.

Twapenda hapa kuongeza neno dogo. Ile chanjo iliyoitwa ya Kizungu haikuwa ya Wazungu peke yao. Katika mji wa Boston, Marekani, ndui ilipoingia mwaka wa 1721, kasisi Cotton Mather aliwashauri waganga watie watu ndui kidogo chini ya ngozi ili wasishikwe na ndui kubwa, naye alikuwa amejifunza jambo hilo kwa mtumwa wake Mwafrika, jina lake Onesimus, aliyefanyiwa hivyo kwao alipokuwa mtoto. Baadaye Mwingereza Edward Jenner akaonyesha mwaka wa 1796 ya kuwa ndui ya ng'ombe yatosha kumkinga mtu, nayo haimwui. Lau Mugema angalijua habari za Onesimus, pengine angaliuliza swali jingine.

Kakungulu aliporudi Mbale akajiunga na Wamalaki, na wengi wa Waganda wake wakamfuata kama walivyomfuata vitani. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mkulima wa kawaida akikataa kuchanjwa, Serikali yaweza kumtoza faini, habari ikaisha. Lakini chifu ndiye mkono wa Serikali. Ndiye apigaye mbiu watu wakusanyike mbele ya mchanjaji. Ndiye aamuruye ng'ombe waletwe. Chifu asipoleta ng'ombe wake mwenyewe, atasemaje na mwenye mbuzi wawili? Wakuu wa wilaya walilalamika tena na tena juu ya Wamalaki kukataa dawa kwa watu na kwa mifugo, na Kakungulu hakulegea. Alikuwa amezoea kuamuru, si kuamriwa. Sotoka nayo haikungoja shauri liishe. Kundi moja lisilochanjwa katikati ya wilaya lilitosha kuwa shina la moto.

Mwaka wa 1919 Kakungulu alikwenda mbali zaidi. Kwa kulisoma Agano la Kale kama mtu asomavyo amri ya vita, neno kwa neno, aliona imeandikwa watu watahiriwe. Akatahiriwa mwenyewe, akawatahiri wanawe. Wamalaki wakamwambia hiyo ni dini ya Wayahudi. Akawaacha, akakubali kuitwa Myahudi, akakaa na watu wake Gangama chini ya mlima Elgon, wakishika Sabato. Mwaka wa 1922 akatoa kitabu cha Luganda chenye sala na kanuni za jamii yake. Jambo la ajabu, nasi hatuwezi kuliacha, ni hili: mtu wa kwanza kutengeneza chanjo ya tauni, ambayo Wamalaki waliikataa kwa nguvu zao zote, alikuwa Myahudi wa Odessa, Waldemar Haffkine, aliyeijaribu kwanza mwilini mwake mwenyewe katika mji wa Bombay, Januari 1897. Haffkine naye alionja uchungu wa sindano, maana mwaka wa 1902 katika kijiji cha Mulkowal nchini India watu 19 walikufa kwa pepopunda baada ya kuchanjwa kutoka chupa moja, yeye akasimamishwa kazi, ikapita miaka hata ikathibitika ya kuwa kosa halikuwa lake.

Na wale wana waliotahiriwa, walikuwa na neno gani? Katika nyumba ya jemadari amri ya baba ni amri. Hatuna budi kusema wazi ya kuwa mtu mzima aliyesoma, akapima, akaamua kuacha dawa, amejichukulia hatari yake. Lakini watoto wa Gangama hawakusoma wala hawakupima. Ndui iliua watoto kuliko watu wazima, ikawapofusha wengine. Kakungulu aliyatoa maisha ya askari wengi katika vita vyake, nao walijua waendako.

Sasa twende Ulaya kidogo, maana Serikali iliyomlaumu Kakungulu ilikuwa na Wakakungulu wake nyumbani. Sheria ya mwaka wa 1853 iliwalazimisha wazazi wa Uingereza kuwachanja watoto wao wachanga ndui. Wazazi wengi walikataa. Wengine walitozwa faini mpaka vyombo vyao vya nyumbani vikauzwa, wengine wakafungwa. Mwezi wa Machi 1885 maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana katika mji wa Leicester wakiipinga sheria hiyo. Mwisho Bunge lilikubali, mwaka wa 1898, ya kuwa mzazi ambaye dhamiri yake yamkataza aweza kupata cheti kwa hakimu akaachwa. Na mwaka wa 1907 njia hiyo ikafanywa nyepesi zaidi.

Hata katika jeshi mambo yalikuwa hivyo. Jenerali Washington wa Marekani aliamuru mwaka wa 1777 askari wake watiwe kinga ya ndui, wala hakuuliza shauri la mtu. Lakini Waingereza walipokwenda kupigana na Makaburu kati ya mwaka 1899 na 1902, chanjo ya homa ya matumbo iliachwa kuwa hiari, na ni wachache tu waliokubali. Askari zaidi ya 57,000 waliugua homa hiyo, na zaidi ya 8,000 wakafa. Vita vya mwaka wa 1914 vilipofika, chanjo ilikuwa bado hiari kwa sheria, ingawa maofisa walibembeleza na kushurutisha mpaka karibu wote wakaikubali, na vifo vikapungua sana.

Linganisha hayo na Uganda. Mugema aliondolewa katika usaza wake. Mwaka wa 1929 ugomvi juu ya chanjo ya tauni ulizidi, na Serikali ikamhamisha pamoja na Malaki. Malaki akapelekwa kaskazini, akakataa kula, akafa. Mugema akapelekwa Arua, akakaa huko miaka mingi, akafa mwaka wa 1942 asione tena Busiro. Mtu wa Leicester aliyekataa alipewa cheti. Mtu wa Buganda aliyekataa alihamishwa nchi yake. Hatusemi ya kuwa tauni ya Uganda ilikuwa jambo la mchezo. Mji wenye tauni hauna siku za kungoja, na Bwana Mganga aliyeona maiti za jana hana moyo wa kujadili Kumbukumbu la Torati. Lakini dhamiri ikihesabiwa kuwa kitu kwa mmoja na si kitu kwa mwingine, basi aliyenyimwa atasema chanjo si dawa bali ni alama ya kutawaliwa. Na hivyo ndivyo walivyosema wengi, nasi twaona Serikali ndiyo iliyowapa maneno hayo.

Jambo hilo halikuisha na wazee wale. Mwezi wa Agosti 1921 ungekuwa zamani. Lakini ilikuwa Agosti 2021 jeshi la Marekani lilipowaamuru askari wake wote wachanjwe UVIKO-19. Zaidi ya 8,000 walitolewa jeshini kwa kukataa, jamaa zao wakiondoka pamoja nao katika nyumba za jeshi, na mwezi wa Januari 2023 amri ile ikafutwa. Hapa kwetu Tanzania chanjo hiyo ilianza kutolewa Julai 2021 kwa hiari, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa wa kwanza mbele ya watu tarehe 28 ya mwezi huo. Na mabishano yaliyokuwa katika vijiji vyetu msomaji anayakumbuka mwenyewe.

Kakungulu alikufa Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale. Hakuyaona yaliyoyapata yale maradhi mawili, ndui na sotoka, nayo ni habari ya ajabu, kwa sababu katika maradhi yote ya dunia ni hayo mawili tu yaliyokwisha kuondolewa kabisa, moja la watu na moja la mnyama, na yote mawili yalionekana kwa mara ya mwisho hapa Afrika ya Mashariki.

Ndui ilikomea Marka, mji wa pwani ya Somalia. Alikuwapo huko kijana mmoja mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin. Watumishi wote wa hospitali walitakiwa wachanjwe, lakini yeye alijiepusha. Baadaye alieleza mwenyewe ya kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi wa Oktoba 1977 gari lilikuja na watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva akiuliza njia ya kambi ya wagonjwa. Maalin akapanda garini kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku zilipopita akashikwa na homa, wakamdhania ana malaria, kisha tetekuwanga, mpaka ikajulikana ni ndui. Katika majuma mawili watu zaidi ya 50,000 wa mji ule na kando yake walichanjwa, moto ukazimika hapo. Maalin akapona. Naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Na mwaka wa 1980 Shirika la Afya la Dunia likatangaza ya kuwa ndui haipo tena. Miaka yake ya baadaye mtu huyu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi wawape watoto wao chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alikufa katika kazi hiyo mwaka wa 2013, kwa malaria. Hakuwalazimisha, wala hakuwa na askari nyuma yake. Aliwaonyesha uso wake.

Sotoka ilishindwa kwa kazi iliyofanywa Muguga, karibu na Nairobi. Huko Walter Plowright na wenzake, katika miaka ya 1950 na baada yake, walitengeneza chanjo iliyokuwa nafuu, isiyomdhuru ng'ombe, na yenye kumkinga maisha yake yote kwa sindano moja. Ile hatari ya kumtia ng'ombe damu ya mgonjwa ikawa imekwisha. Mara ya mwisho sotoka ilionekana katika nyati wa mbuga ya Meru, Kenya, mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ikatangazwa ya kuwa imetoweka duniani. Vijana wa Malampaka wanaoswaga ng'ombe leo kwenda mnadani hawajamwona hata mmoja aliyekufa kwa sotoka; neno hilo kwao ni la hadithi za babu.

Imesalia kueleza yaliyowapata watu wa Kakungulu. Wamalaki walipungua mwaka baada ya mwaka, na baada ya kifo cha wakuu wao hawakuinuka tena kama kwanza. Lakini wale waliomfuata jemadari katika Uyahudi, waitwao Abayudaya, hawakukoma. Walikuwa wachache, wakati wa Idi Amin walikatazwa kusali hadharani, wakabaki mamia tu. Leo wanapita 2,000, wakikaa vilimani kando ya Mbale, pamoja na majirani zao Wakristo na Waislamu. Lile neno la kukataa dawa waliliacha zamani, bila ya mtu kuwahamishia Arua. Mwaka wa 2010 jamii hiyo ilifungua kituo cha afya katika mji wa Mbale, kwa msaada wa Wayahudi wa Marekani, na mgonjwa wa dini yoyote aingiapo hupokewa.